Boga Lisiozee Jikoni: Pai ya Boga kwa Moto wa Juu na wa Chini

  Leo tuweke kando kidogo habari za mpunga na kakao, tuzungumze juu ya boga.

Boga halina mzani wala msimu wa mnada. Mkulima hufukia mbegu zake kati ya mahindi mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, kisha huzisahau. Baada ya miezi mitatu au minne maboga hukomaa yote kwa pamoja, na hapo ndipo mambo huharibika. Miezi hiyo, Machi mpaka Mei, ndiyo ya mvua kubwa ya Kyela. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremsha maji ya milimani mpaka bondeni, na kila kitu nyumbani huwa na unyevu. Boga la kwanza linachemshwa asubuhi, la pili jioni, la tatu watoto wanalikataa, na la nne linakutwa pembeni mwa jiko limelainika kitako. Basi, linatupiwa nguruwe.

Je, hiyo si hasara? Ni hasara, ingawa haiandikwi katika daftari lolote.

Tutaeleza njia moja ya kulifanya boga liwe kitu kingine, kitu kinachokaribishwa mezani hata na mtoto aliyechoka na boga la kuchemsha, na kinachoweza kuuzwa kwa kipande. Kitu hicho ni pai ya boga. Pai ni unga wa ngano uliosukumwa kama chapati, ukatandazwa ndani ya bati, ukajazwa boga lililopondwa na kuchanganywa na mayai, maziwa na sukari, kisha ukaokwa mpaka vyote vikagandamana.

Wenye chakula hiki kwa wingi ni watu wa Marekani, ambao hukila hasa mwezi wa Novemba kwenye Sikukuu yao ya Shukrani. Si ajabu, maana boga lenyewe asili yake ni bara la Amerika, lililimwa huko kwa maelfu ya miaka kabla ya kuvuka bahari na kufika kwetu. Mwaka 1796 mama mmoja aitwaye Amelia Simmons alichapisha huko kitabu cha mapishi, na ndani yake mna boga la kuokwa ndani ya unga namna hii. Siku hizi wengi wao hununua boga lililokwisha kupondwa, limo ndani ya kopo. Wewe mkulima wa Kyela boga unalo bichi, limetoka shambani kwako. Hapo umewazidi.

Lakini boga bichi lina shida yake moja, na shida hiyo ndiyo maneno yetu yote ya leo. Shida ni maji. Katika kila kilo 10 za nyama ya boga bichi, karibu kilo 9 ni maji matupu. Mtu akilichemsha boga, akaliponda na kulitia moja kwa moja katika mayai na sukari, pai haigandi. Juu inafanya ngozi, katikati inabaki uji, na chini unga unakuwa mbichi kama ugali usioiva. Mayai matatu yamekwenda, sukari imekwenda, mkaa umekwenda. Mama wa nyumba anasema, "Haya mambo si ya kwetu," na hajaribu tena. Kumbe kosa si la mkono wake. Maji hayakutolewa.

Kwa hiyo kumbuka neno hili tangu shambani mpaka mezani: toa maji.

KUVUNA NA KUTUNZA

Pai nzuri huanza shambani. Boga changa ni zuri kwa mboga, lakini kwa pai halifai, maana lina maji mengi na utamu kidogo. Chagua lililokomaa. Utalijuaje? Kikonyo chake kimekauka na kuwa kigumu kama kijiti. Ganda limepoteza mng'aro wa uchanga. Ukilibonyeza kwa ukucha, ukucha hauingii.

Boga likiwa bado shambani, usiliache lilalie tope. Lipandishe juu ya nyasi kavu, kipande cha ubao au jiwe bapa. Wakati wa kuvuna, likate kwa kisu na uache kikonyo chenye urefu wa vidole vinne hivi. Usilichomoe, na usilibebe kwa kikonyo. Kikonyo kikin'goka hufungua mlango, na kwa mlango huo uozo huingia. Hali kadhalika boga lililoangushwa au lililojeruhiwa na jembe haliwekwi akiba. Hilo lipike siku ile ile.

Yaliyo mazima yafute tope kwa kitambaa kikavu, usiyaoshe. Yaanike juani siku kama 10, na mvua ikitishia yaingize ndani. Kisha yapange juu ya chanja penye hewa, yasigusane, wala yasikae juu ya sakafu ya udongo. Kila baada ya siku chache yapitie moja moja. Ukiona doa laini, toa hilo upesi lisije likaambukiza mengine. Boga lililotunzwa hivi hukaa miezi miwili, mitatu, hata zaidi.

Tena kuna faida nyingine ya kungoja. Boga likikaa wiki mbili tatu baada ya kuvunwa, wanga wake hugeuka kidogo kidogo kuwa sukari. Kwa hiyo usikimbilie kupika pai siku ya kuvuna.

Na hili ni onyo. Kabla ya kupika, onja kipande kidogo cha boga bichi kwa ncha ya ulimi. Likiwa chungu, liteme, na boga lote litupe. Boga chungu lina sumu inayoumiza tumbo, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

KUPIKA BOGA NA KULITOA MAJI

Kwa pai moja chukua boga la kilo 2 hivi. Lipasue katikati, toa mbegu na nyuzinyuzi. Mbegu usitupe. Zioshe, uzianike, uzikaange kavu na chumvi kidogo, ni tafuno zuri.

Sasa, usilichemshe boga ndani ya maji mengi. Huko ni kuongeza maji tunayotaka kuyatoa. Lipike kwa mvuke. Panga vipande vya mgongo wa jani la mgomba chini ya sufuria, mimina kikombe kimoja cha maji, kisha panga vipande vya boga juu yake, ganda likiwa juu. Funika kwa jani la mgomba na mfuniko. Kwa moto wa wastani litaiva baada ya nusu saa au dakika 40. Likichomwa kwa kijiti na kijiti kikapita bila shida, limeiva.

Likipoa, kwangua nyama kwa kijiko na uache ganda. Iponde kwa mwiko au katika kinu kilicho safi, kisichonuka kitunguu wala dagaa. Ukiona nyuzi, pitisha kwenye chekecheke.

Halafu lifunge boga lililopondwa katika kitambaa safi cheupe, ulining'inize juu ya bakuli kwa saa moja au mbili. Utaona maji ya rangi ya manjano yanachuruzika. Hayo usiyamwage, yatie katika uji wa watoto. Kilichobaki kwenye kitambaa kitie katika sufuria kavu, weka juu ya moto mdogo, ukoroge bila kuacha kwa dakika 10 hivi. Utajua kuwa tayari namna gani? Pitisha mwiko chini ya sufuria. Njia yake ikibaki wazi kwa muda kabla ya boga kurudi, basi imetosha. Ikijifunga papo hapo kama uji, endelea kukoroga.

Pima vikombe 2 vya boga hilo. Kikombe tunachosema hapa ni kile cha robo lita.

Maziwa nayo yana maji. Wenzetu wa Marekani hutumia maziwa ya kopo yaliyopunguzwa maji. Sisi tutayapunguza wenyewe. Chemsha vikombe 2 na nusu vya maziwa ya ng'ombe kwa moto mdogo, bila kufunika, ukikoroga yasiungue, mpaka kibaki kikombe 1. Yaache yapoe. Asiye na maziwa atumie kikombe 1 cha tui zito la nazi, lile la kwanza, na hilo halina haja ya kuchemshwa.

UNGA WA CHINI

Vitu vinavyohitajiwa ni hivi: unga wa ngano vikombe 2, mafuta ya kupikia yaliyoganda au siagi nusu kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, na maji baridi vijiko vya chakula 4 mpaka 6.

Kyela ni nchi ya joto, na mafuta hapa huyeyuka mchana. Kwa hiyo fanya kazi hii alfajiri, na maji yawe ya mtungini, maana mtungi wa udongo hupoza maji. Changanya unga na chumvi. Tia mafuta, uyavikiche kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chenga. Tia maji kijiko kimoja kimoja, ukiacha mara tu unga unaposhikana. Usiukande kama wa chapati. Chapati hukandwa sana ili ivutike, lakini unga wa pai ukikandwa sana huwa mgumu kama ngozi. Ufunike kwa kitambaa upumzike nusu saa.

Sukuma kwa fimbo ya chapati mpaka uwe mpana kupita bati lako. Bati zuri ni la duara, upana sentimeta 23 hivi na kina sentimeta 4. Lipake mafuta, tandaza unga ndani yake mpaka ukingoni, toboa toboa chini kwa uma.

MOTO WA JUU NA WA CHINI

Huna jiko la umeme? Si neno. Akina mama wa pwani wameoka mikate ya kumimina kwa kupalia makaa juu ya mfuniko tangu zamani, na pai yetu itaiva kwa njia hiyo hiyo.

Chukua sufuria kubwa na nzito ambayo bati linaingia ndani yake na kubakiza nafasi pembeni. Tandaza chini yake mchanga mkavu, unene wa vidole viwili. Mchanga huu husambaza joto, unga usiungue upande mmoja. Weka mawe matatu madogo yaliyo sawa juu ya mchanga ili bati likae juu yake. Mfuniko uwe wa bati, bapa, wenye kuziba vizuri. Washa jiko la mkaa, funika sufuria, palia makaa juu ya mfuniko, uiache ipate moto robo saa.

Weka kwanza bati lenye unga mtupu. Funika, palia makaa, uoke dakika 10. Litoe, upake ute mweupe wa yai juu ya unga wote. Ute huu huganda na kufanya kinga, maji ya boga yasishuke katika unga. Ni jambo dogo, lakini hutofautisha pai kavu na pai mbichi.

Wakati huo huo tengeneza mjazo. Vunja mayai 3 moja moja ndani ya kikombe, ili yai bovu lisije likaharibu mengine. Ute wa kupaka uchote humo humo. Yapige mayai, tia sukari robo tatu ya kikombe, mdalasini kijiko cha chai 1, tangawizi ya unga nusu kijiko, iliki kidogo ukipenda, na chumvi kidogo sana. Tia vikombe 2 vya boga na kikombe 1 cha maziwa yaliyopoa. Maziwa yakiwa ya moto yataivisha mayai mabonge mabonge. Koroga mpaka vichanganyike, mimina ndani ya unga, urudishe katika sufuria.

Dakika 15 za kwanza moto uwe mkali, juu na chini. Baadaye punguza makaa yote mawili yawe ya wastani, uache dakika 40 hivi. Usifunue kila mara kuchungulia. Ukifunua, inua mfuniko moja kwa moja, majivu yasiangukie ndani, na ufute matone ya mvuke yaliyojikusanya chini yake. Tumekwisha sema adui ni nani.

Pai imeiva ikiwa kingo zimesimama na katikati panatikisika kidogo tu ukigusa bati. Choma kisu karibu na katikati. Kikitoka kisafi, epua mara moja. Usifikiri kuongeza moto ndiko kuivisha zaidi. Mayai yakizidishiwa moto hukaza na kuyasukuma nje maji, pai ikapasuka na kuvuja. Iache ipoe kwa saa mbili kabla ya kukata, maana huendelea kuganda inapopoa.

MASWALI YANAYOULIZWA

Mama mmoja atasema, "Unga wa ngano ni ghali kwangu, lakini mchele ninao." Ni kweli, na Kyela bila mchele si Kyela. Basi acha unga wa chini kabisa. Saga chenga za mchele ziwe unga laini, tia vijiko vya chakula 5 katika mjazo ule ule, ukoroge vizuri. Bati lipake mafuta, ulitandike jani la mgomba lililopashwa moto likalainika, umimine, uoke vile vile. Hiyo siyo pai kamili, ni mkate wa boga, lakini ni mtamu na unakatika vizuri.

Mwingine atauliza, "Ina faida gani mwilini kuliko kushiba tu?" Rangi ile ya manjano ya boga hubadilika mwilini kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kushindana na maradhi. Mafuta yaliyomo katika chakula husaidia mwili kuipokea. Lakini pai ina sukari, kwa hiyo ni ya siku moja moja. Mtoto mdogo mpe boga lililopondwa bila sukari, likiwa na mafuta kidogo au karanga zilizosagwa. Na usiache kumpeleka kliniki kwa matone yake ya vitamini A, eti kwa sababu anakula maboga.

Wa tatu atauliza, "Naweza kuiweka mpaka kesho?" Hapa sikiliza sana. Pai ina mayai na maziwa, na katika joto la Kyela vitu hivi huharibika upesi, hata kama bado vinanukia vizuri. Asiye na jokofu aoke asubuhi, na pai yote iliwe siku hiyo hiyo. Ifunike kwa kitambaa safi, inzi wasiifikie. Ya jana usimpe mtoto wala usimwuzie mtu.

HESABU YA BIASHARA

Wako watakaotaka kuuza. Njia zipo: siku za gulio, bandarini Itungi, mpakani Kasumulu, na kwa wageni wanaokuja ufukoni Matema. Lakini usianze na pai 10. Anza na moja, uipike nyumbani mara tatu mpaka mkono uzoee moto wako.

Kisha chukua daftari. Andika bei ya unga, sukari, mafuta, viungo na mkaa. Andika pia bei ya mayai, maziwa na boga, hata kama vimetoka kwako, kwa bei ambayo ungeviuza sokoni. Wengi huacha kuandika vya nyumbani, wakadhani wamepata faida kumbe wamekula kuku wao. Jumlisha, ugawe kwa vipande 8. Hapo umepata gharama ya kipande kimoja. Bei yako ikae juu yake, pamoja na malipo ya jasho lako. Ikiwa wateja hawaifikii bei hiyo, heri uuze boga zima na pai uwapikie wa nyumbani.

Basi ndugu wakulima, tukumbushane kwa ufupi. Vuna boga lililokomaa, na kikonyo chake. Likaushe, ulitunze juu ya chanja, uonje kabla ya kupika. Lipike kwa mvuke, ulining'inize kwenye kitambaa, ulikoroge juu ya moto mpaka njia ya mwiko ibaki wazi. Punguza maziwa. Paka ute wa yai. Palia makaa, usizidishe moto. Kula siku ile ile.

Boga lililoko pembeni mwa jiko lako hivi sasa, liinue ulitazame kitako. Kama bado ni gumu, lipandishe kwenye chanja leo hii. Kama limeanza kulainika, kata sehemu yote laini na inayoizunguka uitupe, na iliyobaki ngumu ipike leo leo. Kesho utakuwa umechelewa.